Sakafu ya Joto

Mshumaa ulizimika mara tatu. Kijana wa vipimo, aliyeitwa kukagua chumba cha mwisho, alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kijiti, akauwasha, akauteremsha polepole kuelekea sakafuni, na ulipofika usawa wa magoti yangu mwali ukainama, ukawa mdogo, ukafa. Mara ya kwanza nilidhani ni upepo. Mara ya pili Claudine alifunga dirisha. Mara ya tatu tulitazama tu moshi wake ukitambaa pale chini badala ya kupanda. Claudine ndiye mwenye nyumba siku hizi, tangu mama yake, Mama Rose, afariki. Alinipigia simu kwa sababu ya vifaranga. Ardhi ilikuwa imetetemeka siku kadhaa mfululizo, chemchemi za maji moto zilizoko chini ya nyumba, amashyuza tunavyoyaita kwa Kinyarwanda, zikakauka hadi tukaona mawe ambayo hatukuwahi kuyaona, kisha maji yakarudi yenyewe. Siku chache baadaye vifaranga alivyoviweka katika chumba cha mwisho vilikufa vyote asubuhi moja, isipokuwa vile vilivyokuwa kwenye boksi juu ya meza. "Tantine, kuya uone," aliniambia kwenye simu, akiniita shangazi kwa Kifaransa, kama tunavyowaita huku wanawake wanaotuzidi umri. "We uliishi hapa. Labda unajua hii chumba iko na nini."

Sikujua. Kijana wa vipimo, aliyekulia Tanzania na Kiswahili chake kimenyooka, ndiye aliyetueleza. Alisema palipo na maji moto hutoka pia hewa mbaya, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hukaa chini. Wenzetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, huiita mazuku na wanaijua kwenye mashimo yao, mbuzi wakishuka hawapandi. Kuna miaka hutoka kidogo, kuna miaka hutoka nyingi. Kisha akainama akapitisha mkono chini ya mlango, mahali ambapo ubao haukufika sakafuni. "Mshukuruni fundi aliyekata mlango mfupi," akasema. "Hapa ndipo hewa hiyo inapotokea nje. Mtu akiziba nafasi hii, chumba kinajaa kuanzia chini, na aliyelala sakafuni hatasikia chochote. Atalala tu." Claudine alikuwa anauliza habari za kuweka bomba la kutolea hewa, na mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi. Katika chumba hicho, miaka ishirini na kitu iliyopita, Tantine Odette alilala mzima na asubuhi akakutwa amekufa. Mwanamke aliyempikia, Hadija, alifukuzwa kwa kuitwa mtia sumu. Na aliyeulizwa, akajibu, na jibu lake likammaliza Hadija, ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Goti langu la kushoto lilikuwa limevunjika vibaya nilipoanguka kutoka juu ya gari la viazi, na watu wakasema dawa ya goti ni Nyamyumba, kwenye maji moto. Nilipelekwa kwa miezi miwili, nikakaa mwaka. Nyumba ya Mama Rose ilikuwa na vyumba vinne vilivyopangana kwenye mteremko, chini ya migomba, na kila chumba kilikuwa chini kidogo kuliko cha kabla yake, hivi kwamba ili uingie cha nne ulishuka ngazi mbili. Cha kwanza walilala Mama Rose na Claudine, ambaye bado alikuwa ananyonya kidole. Cha pili kilikuwa cha wagonjwa, cha tatu tulilala mimi na Hadija, na cha nne kilikuwa fahari ya nyumba. Sakafu yake ilikuwa na joto usiku na mchana. Hadija aliweka humo maziwa yagande, akaanika humo vitenge wakati wa mvua, na wagonjwa wa mgongo walikigombea. Mama Rose aliwaambia wageni kwamba joto lile ni maji yenyewe yanapita chini kuwatafuta wagonjwa. Mimi nilimwamini, na kusema kweli hata leo sioni kwamba alidanganya sana. Tulikuwa na kibatari kimoja cha chumba hicho ambacho kila tulipokiweka sakafuni kilizimika, tukamlaani muuza mafuta kwamba anachanganya na maji. Kuku wa Mama Rose aliatamia humo, vifaranga vikafa, akalaumiwa paka wa jirani hadi akahamishwa mtaa. Nikikumbuka yule paka natamani kucheka, halafu nashindwa.

Siku zetu zilienda kwa maji. Ya kunywa tulichota kwenye kijito cha maji baridi kilichobubujika nyuma ya migomba, na Mama Rose alinilazimisha nipande na bidoni, dumu dogo la maji, ili goti lizoee. Ya kuoga yalikuwa ziwani. Ya moto yalikuwa ya kazi zote nyingine. Asubuhi wagonjwa walikaa ndani ya dimbwi hadi kiunoni, wazee huku na wamama kule, wakipiga soga na kulalamika, na Hadija akapita akikanda migongo na magoti kwa vidole vyake vigumu. Palikuwa na sehemu moja kati ya mawe, yenye moto kuliko zote, hapo tulitumbukiza viazi vitamu, ndizi na mayai ndani ya wavu, tukavitoa vimeiva na vina chumvi kidogo. Nimekula viazi katika hoteli za mjini, vimepambwa kwa majani, na hakuna vilivyofikia vile vya wavuni. Hadija alikuwa ameposwa, na alipenda kusema kwa utani kwamba anaolewa pamoja na nyumba nzima na magonjwa yetu. Mchumba wake alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari, na gauni la arusi alilishona mwenyewe. Hadija nilimwita Yaya, tunavyowaita kwetu dada wanaotutangulia kuzaliwa. Alikuwa na miaka kama thelathini, Mwislamu wa mjini, mcheshi, na alipika kwa namna ambayo watu wazima walinyamaza wakila.

Palikuwa na sheria moja ya jikoni, na yeyote aliyekulia huku anaijua hata kama haijaandikwa popote. Anayekuletea chakula au kinywaji anaonja mbele yako. Anamega, anakunywa funda moja, ndipo anakukabidhi. Watu wetu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa radi, na katika nyumba inayolaza wageni wasiojuana sheria hiyo ilikuwa nzito zaidi. Hadija aliifanya kwa madaha, anafumba macho, anatafuna, anasema, "Niko muzima, ule sasa." Wagonjwa walicheka kila siku kwa maneno yale yale.

Tantine Odette alikuja kipindi cha jua kali. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge wa Goma, mama wa mwili mkubwa na sauti kubwa, ambaye mlima ulipotapika moto ulimeza duka lake, na mgongo wake, alisema, ulikataa kunyooka tangu siku hiyo. Alinipenda kwa kuwa nilijua kusikiliza. Jioni niliketi kwenye kizingiti cha chumba cha nne naye akinihadithia duka lile, rafu kwa rafu, kitenge hiki kilikaa wapi na kile kilikaa wapi. Siku ya tatu alitaka kitanda kitolewe. "Mi nataka mugongo ishike udongo," alisema. "Hii joto iko chini, kwa nini nilale juu?" Tukatoa kitanda, tukatandika mkeka na blanketi. Aliamka kichwa kinamuuma, akasema ni dawa inafanya kazi.

Wiki ileile Hadija alikuwa anafunga. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umepita zamani, lakini mwanamke huwa na siku zake ambazo hafungi, na anazilipa baadaye kimyakimya. Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo nilimsikia anaamka kabla ya alfajiri kula daku la ndizi baridi. Nilimuuliza, akanieleza, akacheka, akanigonga kichwani. "Ni mambo ya wanawake, Sola. Usiende kutangaza kwa dimbwi yote." Nikaahidi. Alhamisi ya wiki hiyo Tantine Odette hakutaka maharage tuliyokula sisi wengine, alitaka sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga na ugali wa muhogo, na alitaka mapema. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa Hadija alipoleta sahani. Nilikuwapo. Aliiweka mbele yake, akasema, "Karibu, Tantine," akasimama mikono nyuma. Odette alikuwa katikati ya hadithi ya kitenge cha njano na akaanza kula bila kugundua. Mimi niligundua. Hadija alinitazama, akanikonyeza, nami nikamkonyeza. Ilikuwa siri yetu ndogo ya kike, na ilitufurahisha.

Odette alipomaliza kula alisema baridi ya ziwani inapita chini ya mlango na inamkamata miguu. Nikachukua kitenge changu cha zamani, nikakikunja mara nne, nikatoka, nikauvuta mlango, nikakisukuma chini yake kwa kidole cha mguu hadi kikakaa vizuri. "Sasa je?" nikauliza. "Ah, asanti sana mutoto yangu," akajibu kutoka ndani. Hilo ndilo neno la mwisho alilosema duniani, na nililisikia mimi.

Asubuhi Hadija alimpelekea uji, akavuta kitenge ili afungue mlango, na kelele yake ikatutoa sote vyumbani. Nilifika nikichechemea. Odette alikuwa amelala kiubavu, mashavu yana rangi nzuri kuliko siku zote, mkono chini ya shavu. Kibatari kilikuwa karibu naye, kimezimika, mafuta tele. Kando ya mkeka palikuwa na mjusi wa ukutani amegeuka tumbo juu. Niliviona vyote hivyo, nimevihifadhi miaka yote hii, na havikuniambia kitu. Mama Rose aliita watu, ndugu za Odette wakavuka mpaka, na kabla ya saa sita ua ulikuwa umejaa. Hakuna aliyelia kwa muda mrefu. Walianza kuuliza.

"Alikula nini?" kaka wa marehemu aliuliza.

"Sambaza na bugali," Hadija akasema.

"Na wengine?"

"Wengine walikula maharage."

Nilisikia ua unavuta pumzi. Mzee aliyeongoza mtaa akamtazama Mama Rose, na Mama Rose akasema haraka, akiokoa nyumba yake, kwamba kwake mpishi lazima aonje, hiyo ni sheria, kila mtu anaijua. Mzee akamgeukia Hadija, akamuuliza kama alionja. Hadija hakujibu. Najua kwa nini hakujibu. Palikuwa na wanaume ishirini pale, na mmoja wao alikuwa mjomba wa mchumba wake, na angelazimika kusimama mbele yao aeleze anadaiwa siku zipi za saumu na kwa sababu gani. Alisubiri. Leo naelewa kwamba alikuwa ananisubiri mimi, mwanamke mwenzake, nimnong'oneze Mama Rose neno moja tu.

"Solange, we ulikuwa pale," mzee akasema. "Alionja?"

"Hapana," nikasema. "Hakuonja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ilikuwa kweli tupu. Nimejitetea kwa ukweli huo nusu ya maisha yangu. Nilijiambia kwamba nilitunza siri niliyoahidi, kwamba nilijibu nilichoulizwa. Upuuzi mtupu. Niliogopa. Nilikuwa mtu wa mwisho kuzungumza na Odette, watu walikuwa wanageuzageuza macho wakitafuta pa kuyatua, na yalipotua kwa Hadija nilisikia mwili wangu unapoa kwa nafuu. Nilipoinua uso alikuwa ananitazama, hana hasira, ameshangaa tu. Hawakumpiga. Waliambiana hakuna ushahidi wa kumpeleka mbele ya sheria, ila aondoke siku hiyohiyo. Posa ilivunjika kabla hajamaliza kufunga mzigo. Lile gauni la arusi nililiona baadaye likining'inia dukani Mbugangari miezi mingi, hadi fundi alipolifumua akatengeneza magauni mawili ya watoto. Hadija alipita mbele yangu na beseni kichwani, akasimama. "Goti yako, Sola," akasema, "usiache kuikanda." Kisha akapanda njia ya barabarani. Kitenge changu nilikikuta kwenye kamba, amekianika vizuri, na nikaendelea kukivaa.

Sasa kijana wa vipimo alikuwa anakusanya vyombo vyake, na mimi bado nimekaa kwenye ngazi nimepigwa na butwaa. Claudine aliniletea maji nikayaweka kando. Nilichokuwa nakiona ni kidole changu cha mguu, kinasukuma kitambaa, kwa upendo kabisa. Nilimuuliza Claudine kama anajua Hadija aliishia wapi. "Yule wa sumu?" akasema, bila ubaya wowote, jinsi alivyosikia watu wakimwita tangu utotoni. "Iko Bugeshi, analima viazi. Watu ya soko wanamujua. Hapikie mutu." Nilishtuka upya kusikia jina hilo bado liko hai, linatembea mjini, linauza viazi. Kesho yake, Alhamisi, nilipanda moto, pikipiki ya abiria, asubuhi.

Bugeshi ni juu, kuna baridi, mlima unakusimamia mgongoni. Nilimkuta Hadija uani anachagua viazi vya mbegu, amevaa sweta la kiume juu ya kanga, nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimejiandalia salamu njiani, ikapotea yote.

"Yaya, ni mi, Solange."

"Nimekuona toka kule chini," akasema. "Bado unachechemea. Haukuikanda."

Alinipeleka ndani. Chumba kilikuwa safi, kina kitanda, magunia mawili na kiti kimoja, na nilielewa kwamba kiti kilikuwa kimoja kwa sababu hakuna mgeni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mshumaa, vifaranga, hewa inayokaa chini, Goma na mazuku yao. Alisikiliza akiwa na kiazi mkononi. Nilitegemea alie, au anitukane, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Hakufanya hata kimoja.

"Donc, kumbe si samaki," akasema.

"Si samaki, Yaya."

"Rudilia."

"Si samaki. Samaki haikuwa na kitu."

Akakiweka kiazi chini taratibu. "Ile siku mwanamuke wangu wa sambaza hakukuya," akasema. "Nikanunua kwa mugeni. Mi nilijua ni ile samaki, ilikuwa imeharibika, na kama ningeonja ningesikia. Miaka yote hii nasema saumu yangu imeua mutu. Kila Alhamisi nafunga juu ya Odette. Kila Alhamisi, Sola." Nilikuwa nimekuja nikidhani namletea habari kwamba watu walimwonea. Haikunipitikia hata mara moja kwamba yeye mwenyewe aliwaamini. Nililia pale, kwa kelele, na ilikuwa aibu, maana mwenye haki ya kulia alikuwa amekaa macho makavu.

Basi nikamwambia na lile lingine. Nikamwambia kitenge.

Alipangusa vumbi la viazi mikononi. Nje kuku walikuwa wanaparura kwenye maganda. "Nilikivuta na mukono yangu," akasema mwishowe. "Asubuhi. Kilikuwa kimekaza."

"Alisema miguu inasikia baridi."

"Najua alisema. Hata mi alikuwa ananiambia." Aliinuka, akaenda kwenye thamosi iliyokuwa juu ya gunia, akamimina chai ya maziwa ndani ya kikombe cha bati. "Sitakuambia si kitu," akasema akiwa amenipa mgongo. "Ni kitu."

"Ndiyo, Yaya."

"Kesho tunashuka wote Nyamyumba. Claudine aite watu, wale wazee wamebaki, na watoto ya wale wamekufa. Utasema hewa. Utasema kitenge, usifiche. Na utasema ile siku nilikuwa nimefunga, na we ulijua."

"Nitasema."

Aligeuka akaniletea kikombe. Alikisimamisha kidogo mbele ya midomo yake, mahali ambapo kwa desturi yetu angekunywa funda moja, kisha akakishusha bila kuonja, akakiweka mikononi mwangu.

"Leo nimefunga," akasema.

Nilikinywa chote.